Jibu Kutoka Tawini

Harufu ya nywele zilizoungua ilianza kusikika ofisini siku ile ile fundi wa kompyuta alipofupisha programu.

Kampuni yao ilisambaza dawa, na programu yake ilikuwa ya kale, ya lugha ambayo mafundi wapya waliicheka. Kila ilipotaka kujua dawa zilizobaki tawi la mbali, ilipiga hodi kwanza: ijitaje, ingoje, iulizwe tena, ndipo ifunguliwe. Fundi, mwanamke asiyependa mizunguko, akafuta hodi zote akaweka amri moja tu. Tawi likawa linajibu kufumba na kufumbua. Meneja akamsifu mbele ya watu.

Kesho yake mchana akaita tawi kwa programu hiyo. Kioo cha kompyuta kikaandika: *Dawa ya homa ipo. Dawa ya moyo ipo. Wewe upo.*

Akampigia simu mume wa dada yake, aliyesimamia mashine ya huko.

"Shemeji, acha utani."

"Utani gani? Huku umeme umekatika tangu asubuhi. Mashine imezima."

Fundi akashusha sauti. "Sasa nani ananijibu?"

Papo hapo fundi akasikia vitufe vya kibodi yake vikibonyea vyenyewe, kimoja kimoja, taratibu, huku ile harufu ikimjaa kooni na pumzi ya baridi ikimpapasa shingo kama mtu aliyeinama nyuma yake asome naye.

Meneja alipoyaona hayo kwa macho yake, mganga akaitwa. Alikuwa mama mkavu wa maneno.

"Hodi ulizofuta ndizo zilizokuwa zikimzuia pepo huyu asipite," alimwambia fundi. "Zirudishe, nami nitamtoa."

"Turudi kwenye mwendo wa konokono?" meneja akanong'ona. Hakuna aliyemjali.

Fundi akaziandika upya, mganga akisoma dua. Alipomaliza mstari wa mwisho, ukapita ukelele ndani ya waya za ukutani, ukafifia. Harufu ikakatika.

"Amekwenda wapi?" fundi akauliza.

"Alikotoka, huko tawini. Ungetaka aende wapi?"

Meneja akashusha pumzi, akacheka. Fundi alikuwa amekwisha kunyakua simu, akampigia shemeji. Akapokea dada yake, sauti chini.

"Mume wako yupo?"

"Yupo. Amerudi kutoka kazini mapema. Amekaa chumbani, amefunga mapazia, hataki niyafungue. Mdogo wangu, mbona ananiita kwa jina lako?"