Vidonge Chini ya Mtungi

Kila asubuhi, enzi za Waingereza, Efrazia aliwaamsha watu wa kambi ya mkonge kwa kuimba akienda kuteka maji. Majogoo walifuata baadaye, kwa aibu. Asubuhi hiyo kambi ilichelewa kuamka. Efrazia alikuwa kitandani, shingo imevimba upande, mate yanamtoka. Kinywa kiligoma kufunguka hata kwa kijiko cha uji.

"Ni kimeo," bibi yake, Grasiana, alisema. "Nimemwita Mzee Mbaruku aje akikate."

"Lakini amemaliza vidonge vyote vya zahanati," alisema mama yake, Josefina.

"Basi ndiyo ujue. Kimeo hakisikii vidonge."

Efrazia alitaka kusema. Vidonge vile vilikuwa vichungu, naye alivibana shavuni, kisha akavitema chini ya mtungi. Sasa ukweli ulimkwama nyuma ya meno. Ulitoka "mmh, mmh" tu, kama mtu aliyebugia muhogo wa moto.

Mzee Mbaruku alifika, akafungua kitambaa chenye kisu.

"Fungua, mjukuu wangu. Hata chifu nilimkata."

"Alipona?" mama aliuliza.

"Alinyamaza."

Kinywa kilifunguka upana wa kidole. "Leteni kijiko tumpanue," mzee alisema. Bibi akamshika kichwa.

Efrazia aliona kisu kinakuja. Akajinyofoa, akatambaa hadi kwenye mtungi, akausukuma. Maji yalimwagika, na vidonge vikabaki kwenye tope, vyeupe, vimevimba.

Josefina aliinama, akaviokota kimoja kimoja. "Hukumeza hata kimoja?"

Efrazia alitikisa kichwa, machozi yakimtoka.

"Mzee, samahani, funga kisu chako. Dawa haikushindwa. Haikunywewa."

Lori la mkonge liliwapeleka hospitalini Korogwe. Njiani Efrazia alihema kwa shida, na Josefina alisali bila kupumzika.

Daktari alimulika tochi huku Josefina akimweleza habari ya kisu na vidonge. "Kimeo ni kizima, kimesukumwa tu upande. Jipu liko hapa, kando ya tonsili. Mngekata, angevuja damu na jipu lingebaki palepale."

Alimtia ganzi, akalitoboa. Usaha ulijaa bakuli. Efrazia akavuta pumzi ndefu, akasema neno lake la kwanza: "Nisamehe, mama."

"Ungesema wakati kinywa bado kinafunguka," daktari alisema, akiandaa penisilini. "Dawa ya kutemwa haimponyi mtu, na uongo wa mgonjwa humpoteza hata anayemtibu. Haya, geuka. Hii ya sindano hutaweza kuitema."

Hata aliporudi kuimba, Josefina bado alimsimamia kwa kila kidonge.

"Meza. Fungua. Inua ulimi nione."