Pumba za Ras Korosho

Kuku wa Julia walikuwa hawajala tangu asubuhi. Jua lilipoanza kuzama alichukua ndoo, akaenda mashine ya Jumanne pale Mnyambe kutafuta pumba.

Hazikuwapo.

Jumanne, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, alimwambia kwamba siku hizi magunia yote huchukuliwa na Bi Zena, mama yake Ras Korosho. Julia akashangaa. Bi Zena hakufuga hata kifaranga, na nguruwe ndiyo kabisa, Mwislamu yule. Jumanne akacheka, akasema labda wasanii huogea pumba ndiyo maana wanang'aa. Kisha akamshauri aende akaombe ndoo moja. Kwani yeye ni mtu baki? Si kesho wanamchukua binti yake?

Ilikuwa kweli. Kesho yake Queen, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa anasafiri na Ras Korosho kwenda Dar es Salaam, akawe mwitikiaji wake jukwaani. Begi lilikuwa limefungwa tangu juzi.

Kazi hiyo aliifanya kwanza baba yake, Filemoni. Ras Korosho, ambaye jina lake la nyumbani ni Awadhi, alianzia rege pale Mkomaindo, Masasi, akiimba kwenye harusi kwa spika mbili za kuazima. Rasta alikuwa nazo, mbwembwe alikuwa nazo. Sauti ndiyo hakuwa nayo. Alikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, na watu walikuja kumsikiliza Filemoni aliyesimama nyuma yake. Miaka minne iliyopita Filemoni alikula chakula cha jioni kwa Bi Zena, akarudi akilalamika kwamba ulimi unamwasha. Asubuhi hakuamka. Wakamzika.

Arobaini haijafika, Awadhi akatoa wimbo, na nchi nzima ikacheza. Redio, televisheni, kumbi za dansi za Nairobi na Lusaka. Watu wakasema uchungu wa rafiki umemfungua koo. Julia naye alisema hivyo. Ila kila wimbo ule ulipopigwa aliizima redio, maana alimsikia mumewe mle ndani.

Alifika kwa Bi Zena giza likianza kuingia. Akapiga hodi mara tatu. Kimya. Mabibo yaliyooza chini ya mikorosho yalinuka utamu mzito... na chini ya utamu ule kulikuwa na harufu nyingine. Kama kidonda kilichofungwa muda mrefu.

Kisha akasikia kuimba, kutoka ghala la korosho nyuma ya nyumba. Akadhani wanafanya mazoezi. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Akachungulia.

Awadhi alikuwa ameketi juu ya gunia, macho ameyafumba, anaimba. Mbele yake, magoti yakigusana na yake, alichuchumaa mtu mwembamba wa rangi ya majivu. Mtu yule alikuwa akichota pumba kwenye karai kwa kiganja, akila. Pumba zilikuwa zimeloa mate, zimemgandia kidevuni na shingoni, na nzi walitembea juu yake bila kufukuzwa.

Mtu yule alipofungua mdomo, Awadhi aliimba.

Alipofumba ili ameze, Awadhi alinyamaza.

Alipopaliwa, Awadhi alikohoa.

Na kila mdomo ule ulipofunguka, ndani hamkuwa na ulimi. Kulikuwa na kisiki kidogo cheusi kinachochezacheza.

Ndondocha. Lindandosha, wangesema wazee wa Kimakonde. Julia alikuwa amesikia habari zake tangu utoto: maiti anayeibwa kabla hajapoa, jamaa wakazika gogo la mgomba wakidhani ndiye, anakatwa ulimi asiseme, analishwa pumba, anatumikishwa. Lakini ndondocha wa hadithi hulima shamba. Hakujua kuwa mtu anaweza kulimishwa koo.

Yule mtu akageuka.

Alikuwa Filemoni.

Alimtazama mkewe kwa muda. Kisha akanyoosha mkono wenye pumba, taratibu, na Julia, aliyelala ubavuni mwake miaka kumi na tano, akarudi nyuma kwa kinyaa. Filemoni akaushusha mkono. Kile kisiki kikacheza.

Awadhi akafumbua macho, ameshtuka, na kinywa chake kikasema chenyewe, kwa sauti ya Filemoni:

"Mama Queen... asije."

Awadhi akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alipoiondoa alikuwa anakwaruza kama zamani.

"Karibu, shemeji. Tulikuwa kwenye mazoezi."

Nyuma ya Julia mtu akapumua. Bi Zena alikuwa amesimama karibu mno, mkono ameunyoosha kwa upole.

"Ulifuata pumba? Lete ndoo."

Julia aliiacha ndoo, akakimbia.

Alfajiri alikuwa ndani ya basi na Queen, wakaunganisha Masasi mpaka Ndanda kwa dada yake, Yuliana. Queen alilia njia nzima. Alisema mama yake anamwonea wivu, anamuua akiwa hai. Julia angemwambia nini kuhusu ule mkono?

Danieli, mjomba wa Queen, na mwenyekiti wa kijiji walikwenda kwa Bi Zena siku ya tatu, Julia alipowaeleza. Walikuta ghala limefagiliwa na kuoshwa, sakafu bado mbichi. Kaburi lilikuwa kama lilivyokuwa, na hakuna aliyekubali kulifukua. Wiki hiyo Ras Korosho alipanda jukwaani Masasi, akaimba nusu ya wimbo, akatapika uji wa pumba juu ya kipaza sauti. Mashabiki walidhani ni mtindo mpya. Wakashangilia, wakarekodi kwa simu. Tangu hapo yeye na mama yake hawajaonekana.

Julia akaanza kulala usingizi.

Jumapili iliyopita, wakati Queen yuko bafuni, simu ya binti ililia kitandani. Ujumbe wa sauti, namba isiyojulikana. Julia akaubonyeza.

Ulikuwa wimbo wa kubembeleza ambao Filemoni alimwimbia Queen alipokuwa mchanga. Sauti ni ileile, safi, bila mkwaruzo. Iliimba mstari mmoja, ikanyamaza, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Julia alisikiliza akitafuta ni nani anayeimba: mumewe, au mtu mwingine kwa koo la mumewe. Hakuweza kujua.

Juu ya ujumbe ule zilikuwapo jumbe nyingine kumi na mbili za namba ileile. Zote zilikuwa zimeshasikilizwa.

Mstari wa pili ukapita. Ukimya ukaja tena, mahali pa kuitikia.

Na kutoka bafuni, taratibu, Queen akaitikia.