Nusu Kopo la Poda

Theodory wa kijiji cha Mollo hakuwa na saa. Hakuwa na baiskeli wala redio, na suruali zake zilikuwa nyembamba chini wakati vijana wenzake wa mjini walikuwa wakifagia barabara kwa suruali zao. Karakana yake, banda la mabati nyuma ya soko la Sumbawanga, haikuwa na shimo la kuingilia chini ya magari. Aliyapandisha juu ya magogo. Hakuwa na cheti cha ufundi. Alikuwa na cheti cha kisomo cha watu wazima, nacho alikitundika mahali ambapo mteja angekiona kabla ya kuziona spana. Hakuwa na kalamu ya wino. Hakuwa na mke, wala mchumba, wala hata mtu wa kumtania. Lakini asubuhi ile ya Juni 1976, kitu alichokihitaji kuliko vyote hivyo kilikuwa poda.

Ndiyo maana alisimama kwenye foleni ya duka la ushirika, ovaroli ikinuka mafuta ya taa, katikati ya akina mama waliojitanda vitenge kwa baridi. Poda ilikuwa imefika jana yake baada ya miezi mitano. Kila mtu kopo moja. Alipofika mbele, Epifania muuza duka aliweka kopo juu ya kaunta.

"La mwisho," akasema.

"Haiwezekani!" ikalia sauti nyuma ya Theodory.

Akageuka. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye gauni la manjano la kitambaa cha krimplini na sweta jeupe, nywele zimechanwa zikasimama duara.

"Kaka, hilo kopo unampelekea nani?"

"Si mtu."

"Si mtu? Basi mbuzi?"

Foleni nzima ikacheka.

"Ni la gari, dada."

"Jamani, sikieni! Wafipa wamechoka kupodoa wake zao, sasa wanapodoa magari!"

"Si magari yote," alisema Theodory, masikio yakimwaka moto. "Ni lile la bluu la Mzee Andwele, afisa mifugo. Gia boksi inavuja. Nikiliosha chini likakauka, nikalinyunyizia poda, oili ikitoka itachora njia yake nyekundu juu ya weupe. Hapo nitajua inakotoka."

Msichana akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mzee Andwele ni baba yangu."

Hapakuwa na mtu mjini asiyelijua gari hilo. Lilikuwa la michezo, milango miwili, pua ndefu, limekaa chini kama linanyatia kuku. Mhandisi mmoja wa barabara alimuuzia Mzee Andwele alipokuwa akirudi kwao Ulaya. Lilibadilisha gia lenyewe, la pekee la namna hiyo Sumbawanga nzima, na kila lilikoegeshwa liliacha dimbwi jekundu. Wapita njia waliuliza kama afisa mifugo siku hizi anachinjia barabarani.

"Nitatumia nusu," alisema Theodory. "Nusu nitakuletea."

"Naitwa Suma. Nipo posta, kwenye mitambo ya simu. Nusu kamili, ndugu fundi. Nitapima."

Kesho yake poda ilionyesha wekundu kwenye sampu, lile bakuli la chuma lililo chini kabisa ya gia boksi. Theodory akakimbilia posta, akaingia kwenye kibanda cha simu ili ampigie Ambwene, rafiki yake fundi wa Mbeya.

"Namba tafadhali, ndugu mteja."

"Suma?"

"Huyo ni nani anayemwita mtumishi wa umma kwa jina?"

"Ni fundi wa poda."

"Ahaa! Nusu yangu iko wapi?"

"Inakuja. Kwanza niunganishe na Mbeya, nataka gasketi ya sampu."

Gasketi, kile kizibo chembamba cha kwenye maungio, ilikuja kwa basi. Lakini Theodory aliendelea kupiga simu Mbeya: kuuliza hali ya hewa, kuuliza Ambwene ameamkaje, hadi Ambwene akasema, "Bwana, kama unampenda huyo wa simu, mwambie yeye. Mimi nina kazi." Suma, aliyekuwa bado kwenye laini, alicheka mpaka akakata mawasiliano ya mkoa mzima.

Siku ya nne kicheko kilikuwa kifupi.

"Theo, baba amepata uhamisho. Songea. Tunaondoka tarehe thelathini."

"Na wewe?"

"Nimeombewa nafasi posta ya huko. Mama hayupo, nani atamtunza mzee?" Akashusha sauti. "Baba anataka kwenda na gari lake. Anasema ukilitengeneza, wewe ni mtu wa kusikilizwa. Usipolitengeneza, ataliuza kama chuma chakavu, na jina lako halitatajwa mezani kwetu. Sasa mimi nataka litajwe. Umeelewa, mpenzi, au niunganishe Mbeya wakueleze?"

Theodory alielewa. Alitoka kibandani bila kuaga, akasahau kofia.

Alifunga gasketi mpya. Gari likavuja. Akaliosha tena, akanyunyiza poda tena, akawasha injini akalala chini saa nzima bila kuona kitu. Alipozima na kwenda kunywa chai, alirudi akakuta dimbwi. Akarudia siku ya pili na ya tatu. Siku ya tano aligonga kopo kiganjani, na kilichobaki kilitosha kupulizwa mara moja tu. Nusu ya Suma ilikuwa imekwenda.

Hapo Theodory alifanya kosa. Badala ya kwenda kusema, alinyamaza. Hakukanyaga posta wiki nzima. Alijiambia kwamba mwanamume haendi kwa msichana na kopo lililokaribia kwisha.

Suma alisubiri siku saba, kisha akavaa kitenge chake kipya na kwenda mwenyewe karakanani, na kofia ya Theodory mkononi. Mlangoni akakutana na Kalista, mama wa chai wa pale jirani. Kalista alikuwa mweupe kwa poda kuanzia shingoni hadi kifuani, ananukia waridi, anajifuta huku akicheka. "Huyu Theodory ataniua!" alisema.

Suma aliitundika kofia kwenye msumari wa mlango na kurudi alikotoka.

Theodory aliiona kofia jioni. Asubuhi alikuwa kibandani kabla posta haijafagiliwa.

"Namba tafadhali, ndugu mteja."

"Suma, nisikilize..."

"Laini ina shughuli."

"Laini gani? Mimi nazungumza na wewe!"

"Ndiyo hiyo hiyo. Ina shughuli mpaka Songea."

Ikabaki wiki moja. Mzee Andwele, mtu mnene mwenye fimbo na suti ya kijivu ya mikono mifupi, akafika karakanani bila taarifa. Nyuma yake alikuwa Suma, amebeba faili la kazi na uso wa kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, limepona?"

"Bado, mzee. Nimebadilisha gasketi. Kila nikiwasha kuangalia, ni kavu kabisa."

"Nionyeshe. Nataka kuona kwa macho yangu." Mzee akainama, tumbo likakataa. Akanyooka akihema. "Suma, wewe mwembamba. Ingia uone."

"Baba, na kitenge hiki kipya?"

"Kitenge kinafuliwa."

Theodory alitandika gunia, akaweka mawe kwenye matairi yote manne. Poda haikuwapo, kwa hiyo alichota unga wa mahindi uliotoka kwa mama yake kule Mollo. Wakalala chini ya gari bega kwa bega. Suma alishika kioo chake kidogo cha mkobani. Theodory alipuliza unga. Nusu ilishika gia boksi, na nusu ilimwangukia Suma usoni, shingoni na kifuani.

Suma alipiga chafya. Akajitazama kwenye kioo. Akagusa weupe wa shingoni.

"Kalista naye alishika kioo?"

"Alishika. Na mtoto wake akicheza pembeni. Ndiyo iliyokuwa poda ya mwisho. Nusu yako nilikwisha kuila kabla ya hapo, nikaona aibu kuja."

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Mimi ningekupigia kelele dakika tatu, bei ya simu moja, yakaisha," alinong'ona Suma. "Nyie Wafipa wa ulezi mna kiburi cha ajabu."

"Na nyie mliokulia kwenye ndizi mna wivu."

"Mnasema nini huko chini?" aliuliza Mzee Andwele.

"Tunakagua, baba!"

"Nitawasha injini, mzee," alisema Theodory akianza kutambaa, lakini Suma alimshika mkono wa ovaroli.

"Kwa nini uwashe? Nyumbani halivuji likinguruma. Linavuja likinyamaza." Akamtazama pembeni, unga kwenye kope. "Kama mtu mwingine ninayemjua."

Theodory akaacha kutambaa. Injini ikifanya kazi, oili yote husukumwa juu ikizunguka. Ikizimwa, hurudi chini, hujaa, hufika mahali ambapo kwa mwendo haifiki. Siku zote alikuwa akilikagua wakati lina afya.

"Mzee!" akaita. "Tafadhali kaa kwenye usukani. Usiwashe. Vuta mkono wa gia nyuma, kisha urudishe mbele. Polepole."

Mkono ukalia juu yao. Suma alisogeza kioo nyuma ya bomba la moshi, mahali ambapo jicho pekee haliwezi kufika.

"Theo! Si kwenye bakuli. Ni juu kule, panapoingia kile kichuma kinachozunguka. Unaona?"

Uzi mwekundu, mwembamba kama wa kushonea, ulitoka kwenye sili ya shafti ya gia, kile kimpira cha kuzuia oili, ukateremka juu ya unga mweupe hadi kwenye ukingo wa sampu, kisha ukadondoka kana kwamba ulizaliwa pale.

"Naona," alisema Theodory, ingawa wakati huo hakuwa anaangalia gia boksi.

Saa sita Suma alikuwa kwenye mitambo yake, unga bado masikioni. "Halo Mbeya! Halo! Niunganishie Ambwene fundi, haraka, ni simu ya serikali." Haikuwa ya serikali. Siku mbili baadaye kondakta wa basi alileta sili imefungwa kwenye karatasi ya sukari. Ilikuwa ndogo kuliko pete, na Theodory aliishindilia kwa upande wa nyuma wa spana akiwa amezuia pumzi. Jioni alitandika gazeti chini ya gari. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu, habari zote zinasomeka.

Tarehe thelathini gari lilisimama mbele ya karakana, mizigo juu, Suma ndani na gauni lake la manjano. Mzee Andwele aliinama kadiri tumbo lilivyoruhusu, akatazama ardhi, akaridhika.

"Kijana, umefanya kazi ya mtu mwenye cheti. Nikufanyie nini?"

"Naomba anwani yako ya Songea, mzee."

"Ya nini?"

"Ya barua."

Mzee alimtazama, akamtazama binti yake, ambaye ghafla alikuwa na shughuli na vifungo vya sweta.

"Barua ya namna hiyo huandikwa na wazee wako wakiwa wamekaa," alisema taratibu. "Na haiandikwi kwa penseli."

Dirisha likashuka. Suma akatoa mkono, na ndani yake kalamu ya wino ya bluu. "Hii si ya posta," alisema. "Ni yangu. Utairudisha mwenyewe, kwa mkono. Na nusu kopo, Theo wangu. Sijasahau."

Gari likaondoka. Nyuma yake barabara ilibaki na vumbi tu, bila tone.

Jumapili baada ya misa Theodory alikwenda Mollo. Mjomba wake Fransisko alikaa na wazee wawili, wakapima kila neno, na Theodory akaandika kwa herufi zake safi za kisomo, akitoa ulimi pembeni ya mdomo. Rasimu tatu zilichanwa. Ya nne ilisomwa kwa sauti, na Mjomba Fransisko akatikisa kichwa kukubali: "Kwa hii hata mkuu wa wilaya angetoa binti yake."

Jumatatu bahasha ilikataa kushika. Gundi yake ilikuwa imekauka kwa upepo wa Ufipa. Theodory hakuhangaika. Alifungua kopo la gundi ya gasketi, akapaka ukingo wote wa bahasha, akaubana kwa koleo na kuhesabu mpaka mia. Kisha, kwa kuwa duka la ushirika lilikuwa limepata poda tena Ijumaa na yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni, alinyunyiza kidogo juu ya mshono, akapuliza, akainamisha bahasha huku na huku kwenye mwanga. Nusu ya poda aliimimina kwenye kikopo cha karakana, na kopo lenyewe alilifunga kwenye kifurushi. Lilikuwa nusu kamili, alikuwa amelipima.

Karani wa posta aliinusa barua kabla ya kuigonga mhuri.

"Ndugu, mbona inanukia? Hii poda ni ya nini?"

"Nilikuwa naangalia kama inavuja."

"Inavuja?"

"Haivuji," alisema Theodory, akaitazama ikianguka kwenye mfuko wa Songea.