Kioo Juu ya Kitanda cha Mama

Kioo cha mlango wa sebuleni kilipasuka chenyewe. Hakuna aliyekigusa. Ilikuwa asubuhi, na baridi ilikuwa kali hata umande ukaganda juu ya majani. Mshonaji alikuwa jikoni akichota maji. Akasikia mlio kama wa baruti. Alipotoka, mlango haukuwa na kioo. Chote kilikuwa chini, punje punje kama chumvi ya mawe, na punje nyingine zilikuwa bado zinalia sakafuni.

Alikimbilia chumba cha pili bila viatu. Alijikata kisigino, wala hakusikia maumivu. Mawazo yake yalikuwa kwa mama mkwe wake.

Mama huyo alivunjika nyonga mwaka uliopita, na hakuweza kujigeuza. Mwanawe, Seremala, alimtengenezea dirisha kubwa kando ya kitanda, apate mwanga. Kioo cha dirisha na kile cha mlango vilikuwa pacha. Wiki saba kabla ya asubuhi hiyo, Seremala alivinunua pamoja kutoka duka lililofungwa, akavipachika mwenyewe kwenye fremu za alumini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushika kioo. Mbao alizishika tangu ujana.

Kioo cha dirisha kilikuwa kizima. Kilisimama juu ya kichwa cha mama.

"Nini kimelia?" mama akauliza.

"Kioo, mama. Cha mlango."

Mama aliinua macho. "Na hiki changu kinangoja nini?"

Mshonaji alimfunika mama uso kwa blanketi, kama mtu anayefunika chakula, akaenda kumwita mumewe.

Seremala alitafuta jiwe. Hakuliona. Alizunguka nyumba mara mbili akitafuta nyayo. Umande ulioganda ulikuwa mweupe pande zote, na hakuna aliyeukanyaga. Hapo ndipo alipoanza kuogopa kweli. Kama ni mwizi, angemkimbiza. Lakini kitu kilichovunjika bila mkono wa mtu, angekifanya nini?

Muuza maziwa alipita, akatazama, akasema vioo vya aina ile vinaogopa baridi. Baridi ikizidi, vinalipuka. Seremala aliyashika maneno hayo papo hapo, kwa sababu hayakugusa kazi yake.

Mshonaji alitaka kitanda kisogezwe. Hakikusogea. Seremala alikiunda humo humo chumbani, ukuta hadi ukuta, bila kuacha nafasi ya kupitisha wembe. Alijisifu sana kwa hilo. Basi wamhamishe mama peke yake, mkewe akasema. Mama akakataa. Alikuwa amechoka kubebwa kama gunia la viazi.

"Nenda ukashonwe mguu," Seremala akamwambia mkewe. "Kioo niachie mimi."

Mshonaji alikwenda zahanati akichechemea. Akashonwa nyuzi sita. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasikiliza, kana kwamba mlio ungeweza kumfikia huko. Akaona hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Akapitia karakana ya jirani yao, mwanamke anayepachika vioo vya magari na maduka. Watu wanamwita Milimita, kwa kuwa hapimi mara moja akaridhika. Seremala humtania kwamba anapima kioo kama anayemshonea kioo suruali. Milimita alisikiliza, akachukua begi lake, wakaondoka pamoja.

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa. Chini yake palizibwa kwa matambara. Mshonaji aliusukuma, joto likampiga usoni. Jiko la mkaa lilikuwa chini ya dirisha, jekundu. Mama alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Mama," aliita. "Mama, mimi hapa."

Mama hakujibu.

Milimita alifungua dirisha kwa kiwiko. Walishika godoro, mmoja huku na mwingine huku, wakamburuta mama hadi uani. Kisigino cha mshonaji kilianza kutoka damu tena. Alimpiga mama mashavuni, akambembeleza, akaomba. Seremala alitokea na karai la mkaa mwingine mkononi, akasimama kama mti.

"Nilikuwa nakipasha kioo joto," akasema.

"Unamuua mama yako," Milimita akamwambia. "Sumu ya moshi wa mkaa haionekani wala hainuki. Ukiziba chumba, mtu analala asiamke."

Mama alifumbua macho baada ya muda mrefu. Akatapika. Walimpeleka hospitali kwa gari la jirani, akawekewa hewa safi ya mtungi.

Kesho yake Milimita alirudi. Alimulika tochi ukingoni mwa kioo cha dirisha, polepole, kutoka juu hadi chini.

"Shemeji, hapa ulifanya nini?"

"Kilizidi fremu kidogo. Nikakisugua kwa tupa."

"Kama ubao."

"Kama ubao," Seremala akakubali. "Na cha mlango hivyo hivyo."

Milimita aliketi. Aliwaeleza bila haraka. Kioo hiki mafundi wanakiita tempa. Kinapikwa kiwandani kwa moto mkali, kisha kinapozwa ghafla kwa upepo. Nje yake inabana, ndani inavuta, na huo mvutano ndio nguvu yake. Kikivunjika, kinamwagika punje punje, hakitoi vipande virefu kama visu. Baridi peke yake hakiiogopi. Vioo vya milango ya magari vimetengenezwa hivyo, na vinalala nje kwenye baridi hii hii.

"Basi kwa nini kilipasuka siku ya baridi?" mshonaji akauliza.

"Kwa sababu kilikuwa na jeraha. Udhaifu wake uko ukingoni. Kikishapikwa hakikatwi, hakisuguliwi, hakitobolewi. Ukikijeruhi, kinaweza kukaa miezi, halafu kikaachia chote kwa mara moja. Sasa, mpira wa kukizunguka uko wapi? Nafasi kati yake na fremu iko wapi?"

"Kazi yangu haina nafasi," Seremala akasema, lakini safari hii hakujisifu.

"Alumini ikipata baridi inanywea zaidi kuliko kioo kinavyonywea. Fremu yako ilikikaba kioo chenye jeraha. Kazi uliianza wewe na tupa yako, shemeji. Baridi imeimalizia tu."

Seremala alitazama sakafu. Mshonaji alitazama dirisha. Aliona sasa kwamba kila asubuhi, kwa wiki saba, alikuwa akimnywesha mama chai chini ya kitu kile.

Walibandika karatasi ya gundi pande zote mbili za kioo. Wakavaa miwani na glavu. Milimita alimpa Seremala bisibisi, akamwambia afungue skrubu taratibu, asilazimishe. Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Mshonaji alisimama mlangoni, vidole masikioni.

Kwenye skrubu ya tatu, kioo kilipasuka.

Gundi ilishika sehemu kubwa, ikaning'inia kama gunia. Sehemu nyingine ilimwagika kitandani, kwenye shimo ambalo kichwa cha mama kilikuwa kimelichimba kwenye mto. Mshonaji alizoa punje kwa beleshi dogo. Zilijaa sufuria.

Vioo vipya viliagizwa kiwandani vikiwa na vipimo kamili, kabla ya kupikwa. Vilipofika, tupa haikuvigusa. Milimita aliweka vipande vya mpira chini ya kioo na ukanda wa mpira kuzunguka kingo zote. Kati ya kioo na alumini aliacha milimita tano kila upande. Seremala alipima nafasi hiyo mwenyewe, mara tatu, na hakutania mtu. Kitanda alikikata, kikaweza kusogea. Jiko la mkaa sasa linakaa nje.

Mwezi uliofuata baridi ilirudi, kali kuliko ile ya kwanza. Mshonaji alikuwa akiamka mapema, anaweka kiganja kwenye kioo na kusikiliza. Kilikuwa baridi kama bati. Hakikulia. Msimu ukaisha vioo vikiwa vizima.

Gharama ya yote hayo ni hii. Vioo viwili. Nyuzi sita kisiginoni. Siku nne hospitali. Wiki tatu za dirisha lililozibwa kwa mbao, mama akila gizani. Na ule moshi wa mkaa uliacha kitu kichwani mwa mama. Katika siku saba za wiki, mama anamtambua mwanawe siku nne.