Nahodha Aliyefiwa na Mke Aliye Hai

— Nywele zimeingia kwenye raba ya miwani, ndiyo maana maji yanapenya. Inamisha kichwa kidogo, dada.

Aliyesema hivyo ni kiongozi wa wageni, ambaye kazini wote humwita Mama Miwani. Kazi yake ni kuwavalisha wageni miwani ya kuzamia, kuwafundisha kupumua kwa mrija, kuwaonyesha samaki na kuwarudisha salama. Leo ilikuwa siku yake ya mapumziko, lakini asubuhi ofisi ilimpigia: mwenzake anaumwa, amshikie zamu.

Nahodha wa boti hiyo alikuwa mumewe wa ndoa, ingawa mbele ya wageni hawakuwa na desturi ya kujionyesha. Alipomwona mkewe anapanda, aliitikia salamu nusunusu, akainamia injini kama mtu aliyeangusha kitu.

— Unamfahamu nahodha siku nyingi? mgeni aliyekuwa akivalishwa miwani akauliza kwa sauti ya chini. Alikuwa msichana wa kucha ndefu, amekuja peke yake.

— Kiasi. Kwa nini?

— Ndiye aliyenialika. Tupo pamoja miezi kadhaa sasa. Kapitia magumu, masikini. Unajua alifiwa na mke?

Mikono ya Mama Miwani ikasimama juu ya raba.

— Alifiwa?

— Homa tu, ghafla. Akimtaja, machozi yanamlengalenga.

— Haya. Ng'ata mrija, pumua taratibu.

Aliwaongoza wageni juu ya matumbawe, akawaonyesha pweza aliyejibanza mwambani, lakini yeye mwenyewe hakuona kitu. Alilia humo humo ndani ya miwani mpaka ikamjaa. Akainua kichwa, akaimwaga, akaendelea na kazi.

Walipofika kisiwani, wageni wakiwa wanakula mananasi kivulini, nahodha alimfuata kando ya maji.

— Nani kakwambia uje leo?

— Ofisi. Kwani maiti haruhusiwi kuja kazini?

— Punguza sauti. Nitakueleza nyumbani.

— Nasikia niliuawa na homa. Umeniua kirahisi hivyo, hata kunilaza hospitali hukuona haja.

— Usiniharibie kazi mbele ya watu.

— Kazi ipi? Ile ya kucha ndefu?

Nahodha akaondoka, vidole vyake vikikimbia kwenye simu. Haukupita muda, msichana akaja anakanyaga mchanga kwa hasira.

— Nilikueleza mambo yangu kwa moyo mweupe, kumbe ndivyo ulivyo. Soma hapa.

Mama Miwani akasoma: “Usimsikilize huyo wa miwani. Ananitaka siku nyingi, nimemkataa. Anaweza hata kukwambia yeye ni mke wangu.”

— Ameniwahi, Mama Miwani akasema.

— Huoni haya kumng'ang'ania mtu mwenye msiba?

Mama Miwani alitoa simu yake, akapiga, akaweka sauti ya nje. Wageni wote wakageuka, mananasi mkononi.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, mkwe wangu. Mbona upepo mwingi? Si unapumzika leo?

— Nimeitwa kazini, nipo na mwanao. Kuna mgeni hapa kaambiwa mke wa mwanao alifariki.

— Kafariki nani?

— Mimi, mama.

— Mpe simu huyo mpumbavu.

Nahodha alikuwa ameshafika mbio, mkono ameunyoosha aikate. Mama Miwani akaiinua juu.

— Mama, ulikuwa utani tu.

— Utani? Huyu aliyeniuguza nilipovunjika nyonga, wewe hata glasi ya maji hukuniletea, ndiye unamzika? Nakwenda kwako sasa hivi. Usikanyage pale leo.

Simu ikakatwa. Msichana alimtazama nahodha kutoka juu hadi chini.

— Ulilia, akasema. Ulilia begani kwangu.

Msichana akamsonya, akaenda kukaa mbele kabisa ya boti, mbali na injini.

Waliporudi gatini, gari la ofisi lilikuwa limebakisha kiti kimoja cha watu wawili. Wanawake hao wakakaa hapo, kila mmoja kageukia upande wake.

— Usidhani nitakuomba radhi, msichana akasema. Sikujua.

— Sijakuomba uniombe.

— Na nisingekueleza, ungejua lini?

— Kaa kimya. Sisi si marafiki.

Simu ya msichana ikalia. Akaitazama, akaikata. Punde ikalia ya Mama Miwani, wakati akisoma ujumbe uliotoka kwa mama mkwe. Akaumaliza kwanza, ndipo akapokea.

— Mke wangu, nisikilize...

— Nimepokea ili uyasikie kwangu. Nguo zako mama kaziweka nje ya mlango. Zipitie mapema, mvua inakuja.