Nilijiita Muuguzi, Wifi Yangu Akaniamini

Nina miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Kanja, Embu. Wasomaji wenzangu, haya ninayowaandikia hata mchungaji wetu sijawahi kumweleza yote. Msinihukumu kabla hamjafika mwisho...

Nilipomaliza sekondari, alama zangu hazikutosha kusomea uuguzi. Nikapata nafasi ya kusomea ushonaji katika chuo kimoja upande wa Meru. Chumbani niliwekwa pamoja na Kendi, msichana wa Nkubu aliyesomea uuguzi.

Lo, jinsi nilivyojiona duni! Wanafunzi wa uuguzi walipopita na sare zao nyeupe, watu waliwapisha njia. Sisi tuliitwa "watu wa viraka". Kwenye foleni ya chakula mvulana mmoja aliniuliza kama ushonaji pia una mtihani. Wote walicheka. Nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Kendi hakuwahi kunidharau. Mimi mwenyewe ndiye niliyejidharau!

Likizo ya kwanza, shangazi aliniuliza ninasomea nini. Mdomo ukasema wenyewe, "Uuguzi." Mama, ambaye hakujua kusoma barua ya chuo, alipiga vigelegele. Ningerudi nyuma vipi?

Nikaufuga ule uongo. Nilipima sare ya akiba ya Kendi akiwa darasani, nikajishonea yangu, kola na mifuko yote. Ndiyo nguo niliyoshona vizuri kuliko zote maishani mwangu... Nikaivaa hadi kanisani, Kanja nzima ikaanza kuniita daktari.

Mwaka wa pili, likizo ya Agosti, nilimkuta wifi yangu Wawira, mke wa kaka yangu Njeru, akiwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa mimba yake ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja. Asubuhi moja tukichuma majani chai, aliketi chini ghafla.

"Mukami, kichwa kinanigonga tangu jana," aliniambia. "Na tazama miguu ilivyovimba. Njeru anataka twende hospitali, lakini nimemwambia daktari tuko naye hapa nyumbani."

Nilijua nini mimi kuhusu mimba? Nilijua pindo na vifungo! Lakini alikuwa akinitazama kwa imani tele... Nikamshika mkono kama nilivyomwona Kendi akifanya mazoezi. Nikamwambia ni uchovu tu, alale, anywe uji.

Alinitii. Alilala siku mbili.

Siku ya tatu, mchana, nilisikia Njeru akipiga mayowe. Wawira alikuwa sakafuni akitetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, povu mdomoni. Majirani walimbeba mpaka barabarani, tukapata pikapu ya kumkimbiza hospitali.

Mtoto alitolewa akiwa amekufa. Alikuwa msichana.

Muuguzi mmoja wa makamo alitoka akauliza kwa nini tulichelewa hivyo. Njeru alininyooshea kidole, na masikini, hata wakati huo alisema kwa fahari, "Dada yangu huyu alimwangalia. Ni mwenzenu."

Yule muuguzi alinigeukia. "Ulimpima presha?"

Nilishika kifungo cha sweta yangu, nikakizungusha.

"Uko mwaka wa ngapi, wewe?"

"Mimi... mimi nasomea ushonaji."

"Umesema nini?" Njeru aliuliza polepole, kama mtu asiyesikia vizuri. Mama yangu, aliyekuja nasi, alijifunika uso kwa leso yake, akaketi pale pale sakafuni.

Kaka yangu hajanisemesha tangu siku hiyo. Chuo niliacha. Wawira alipona, lakini mimba nyingine haikuja... Mwaka jana tulikutana sokoni Karurumo, nikataka kumkimbia. Aliniita. Nilipiga magoti mbele ya watu, nikaomba msamaha.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alisema tu, "Ungeniambia hujui, Mukami. Ningeenda hospitali."

Ndugu zangu mlio vyuoni, unayesomea upishi, useremala, ualimu wa chekechea, kwa nini ujifiche? Nani amekudanganya kwamba kozi ya mwenzako ndiyo inayomfanya mtu? Taja kazi yako kwa sauti. Na usilolijua, sema hulijui, hata kama watacheka. Kicheko kitaisha. Mimi nimebaki na kaburi dogo nyuma ya nyumba ya kaka yangu, na siruhusiwi hata kulipalilia.