Saba Yenye Mkanda

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne moja ya Juni 1974, Drani, dereva wa maabara ya mawe mjini Arua, alikutwa ghalani amekufa, kichwa kimepasuliwa. Jiwe lenye damu, namba 17, lilikuwa nyuma ya kibanda cha mlinzi, mzee Asiku, ambaye sasa alikuwa amefungwa kamba.

"Kesi iko kwisha, mama," Sajini Candia wa polisi alimwambia Eyotaru, fundi wa kusugua mawe hayo na kuyachungulia kwa hadubini. "Saa kumi watu ya kambi itachukua mzee."

Waliopelekwa kwenye kambi ya jeshi hawakuwa wakirudi, na Eyotaru alijua. Aliogopa. Alilitazama tena jiwe. Saba yake ilikuwa na mkanda kiunoni, kistari kilichoikata katikati. Namba zote za ghalani aliandika yeye, kwa rangi nyeupe, na hakuwahi kuivisha saba mkanda. Asiku hakujua kuandika hata jina lake.

Saa tano akaingia Bwana Anicet, mkuu wa maabara, aliyesomeshwa na mapadre ng'ambo ya mpaka.

"Mi nilikuwa Koboko tangu jana asubuhi na libwe namba tisa," alisema, akalitoa jiwe mkobani. "Masikini Drani."

"Halikutoka mkononi mwako?"

"Hata kidogo."

Kwa macho, mawe yale hayakuwa na tofauti. Eyotaru aliyadondoshea yote mawili, kwenye uso alioulainisha, maji yenye unga laini wa chuma. Chini ya hadubini, unga ulijipanga kwenye mipaka ya vijieneo vya sumaku vilivyomo ndani ya jiwe, ambavyo havifanani jiwe kwa jiwe. Akafungua daftari alimochora mistari ya kila jiwe la ghalani. Jiwe lenye damu lilikuwa na mistari iliyobanana: mchoro wa namba 9. Lile la mkobani lilikuwa na mistari mipana: namba 17.

"Afande, njoo uone mwenyewe."

Candia alichungulia, akalinganisha, akachungulia tena.

"Lililomuua Drani ndilo uliloondoka nalo, Bwana Anicet," Eyotaru alisema. "Ukabadilisha namba."

"Mistari tu hiyo."

"Basi andika hapa kumi na saba."

Anicet aliandika moja. Kisha kalamu ikasimama kabla ya saba.

"Drani alijua sikufika Lurujo, kule nilitumwa kutoa mawe," alisema polepole. "Mawe yote niliokota Logiri, pembeni ya barabara. Alisema ataambia bakubwa. Safari yangu ya kusoma Ulaya ingekufa."

Saa kumi kasoro robo lori la kambini lilisimama getini.

"Mutu iko wapi?" askari aliuliza.

Candia alimfungua Asiku kamba, akamfunga Anicet kwa kamba ileile.

Lori lilipoondoka na Anicet, Asiku alikuwa bado amemshika Eyotaru mkono, analia.

"Mama, yeye itarudi?"